Mti Ulioachwa

Kisiwani Unguja, ndani ya Mji Mkongwe, upo mtaa uitwao Mkunazini. Mwanafunzi mmoja aliyetoka bara aliwahi kuniuliza darasani mkunazi wenyewe u wapi, nami sikuwa na jibu la kumpa ila jibu la sarufi. Jina hilo lina kiambishi cha umoja mwanzoni na kiambishi cha mahali mwishoni: ni kwenye mkunazi, wala si kwenye mikunazi. Mtu wa kwanza kulitamka alikuwa na mti mmoja machoni pake, na aliyemsikia aliujua mti huo pasipo kuonyeshwa kwa kidole. Zaidi ya hapo sarufi haisemi neno.

Pwani yetu imejaa majina ya namna hii. Mbuyuni zipo nyingi hata mtu hawezi kuzihesabu, pwani na bara pia. Mkwajuni ipo Unguja, na nyingine ipo Dar es Salaam. Mombasa ina Mwembe Tayari, Unguja ina Mwembeladu, Dar es Salaam ina Mwembechai. Kando ya majina hayo yapo mengine ya wingi: Mikocheni, Mivinjeni, Miembeni. Wazee waliotupa majina hayo hawakuwa walimu wa sarufi, lakini hawakuchanganya mmoja na wengi. Waliposema Mikocheni walikuwa wameona kundi la mikoche; waliposema Mbuyuni walikuwa wameona mbuyu mmoja uliotosha kuwaelekeza wageni, kuwapa kivuli wauzaji, na kuwa mahali pa watu kuagana. Leo, katika mahali pengi pa aina hiyo, mti hauonekani. Ipo barabara, kipo kituo cha basi, yapo maduka. Mti umekwenda zake, na umoja wake umebaki katika vinywa vya watu kama alama ya kidole juu ya kuta za nyumba iliyohamwa.

Mti mmoja usimamao peke yake uwandani au katikati ya mashamba humvuta mtazamaji kwa namna isiyo ya kawaida. Huonekana kama mkiwa, na sisi, tulio wepesi wa kuvipa vitu hali zetu, huuonea huruma. Walakini mwanahistoria hana budi kujizuia kidogo hapo, aulize swali kabla ya kuona huruma. Wenziwe mti huu walikwenda wapi? Pwani na nyanda za juu za nchi zetu si jangwa. Palipo na mti mkubwa mmoja, aghalabu palikuwa na mingi. Mmoja ulio hai hivi leo si kwamba ulibaki tu, uliachwa. Watu walipita na shoka, wakaukata wa kulia na wa kushoto, na walipoufikia huu mikono yao ikasita. Tena hawakusita mara moja. Mti wenye umri wa miaka 200 umesitiwa na watu wa vizazi vinane, na kila kizazi kilikuwa na shoka, kilikuwa na haja ya kuni, na kilikuwa na mtu mmoja walau aliyesema kwamba mti huu unakula nafasi bure.

Twajua kuuliza juu ya magofu: nani alijenga? Juu ya mti hatuna mazoea ya kuuliza: nani aliacha?

Najua hoja moja iwezayo kutolewa dhidi yangu, nayo ina nguvu, hasa kwa mbuyu. Mbuyu hauna mbao za kujengea wala kuni za maana. Mwili wake ni laini, umejaa maji, na shoka huzama ndani yake kama kisu katika boga. Anayeukata hujichosha bila ya faida. Anayeuacha hupata ubuyu, hupata majani ya mboga na kamba za magome yake, na penye shimo shinani hupata maji ya mvua. Basi yamkini mbuyu umeachwa kwa hesabu, si kwa heshima. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Lakini mkunazi, mkwaju na mwembe ni miti ya kuni na mbao, na mwembe hata si mzaliwa wa huku. Asili yake ni Asia, ukaletwa na watu. Mwembe wa pekee kando ya njia ya zamani ya misafara uliletwa na mkono kabla ya kuachwa na mikono mingine. Tena hesabu na heshima si maadui. Aliyeanza kuuacha mti kwa sababu ya matunda yake, mjukuu wake huenda akauacha kwa sababu babu aliuacha.

Jambo moja zaidi kuhusu mbuyu, kwa faida ya wanafunzi watakaokwenda kukusanya habari vijijini. Mtaambiwa kwamba mbuyu fulani una miaka elfu, au elfu mbili. Msiliandike kama lilivyo. Pete za mbuyu hazisomeki kwa urahisi kama za miti mingine, na shina lake mara nyingi ni tupu ndani, hata sehemu iliyo kongwe kuliko zote imekwisha kupotea. Wataalamu hupima umri wake kwa kaboni, na Adrian Patrut na wenzake walipima kwa njia hiyo mibuyu mikubwa ya kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 walitangaza kwamba katika mibuyu 13 iliyo mikongwe kuliko yote, 9 ilikuwa imekufa yote au kwa sehemu tangu mwaka 2005. Mmoja wa Zimbabwe ulikuwa na umri upatao miaka 2,450. Kwa hiyo miaka elfu mbili si ndoto, lakini ni miti michache sana yenye haki ya kujidai kuwa nayo.

Turudi Mkunazini. Mtaa huo unajulikana duniani si kwa mkunazi bali kwa soko. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash aliutia sahihi chini ya shinikizo la Waingereza. Mwishoni mwa mwaka uo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana, kazi iliyosimamiwa na Askofu Edward Steere, yule yule ambaye sisi wa idara za Kiswahili twamjua kwa hadithi alizozikusanya na kuzichapa mwaka 1870. Mapokeo ya kanisa yasema kwamba madhabahu yake imesimama mahali pa mti uliotumika kuwafungia na kuwachapia watumwa. Kama mti huo ndio uliokuwa mkunazi wenye jina, au ulikuwa mwingine, au ulikuwa nguzo tu, mimi siingii katika ubishi huo. Natosheka na kuona kwamba kivuli cha mti wa pekee hakikuwa cha mazungumzo na mahari tu. Penye mti unaojulikana na wote, ndipo watu walipokusanywa; na palipokusanywa watu, wenye nguvu walionyesha nguvu zao.

Ndani ya kanisa hilo umetundikwa msalaba wa mti. Mgeni huuona akapita, kwa maana haung'ari. Mbao zake zilitoka mbali, katika nchi ambayo leo yaitwa Zambia, kwenye mti uliosimama karibu na kijiji cha Chitambo.

Habari ya mti huo ni hii. David Livingstone alikufa Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika watupu, miongoni mwao Susi na Chuma, waliokwisha kusafiri naye miaka mingi. Wangeweza kumzika hapo na kurudi pwani na habari. Badala yake walitoa moyo na matumbo yake, wakavizika chini ya mti mkubwa, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo, safari ya miezi tisa hivi, na huko ulifika Februari 1874. Mwili ulizikwa London, katika Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko Bara Hindi, ndiye aliyesoma sala za maziko pale Chitambo, na ndiye aliyechonga maandishi juu ya gome la mti.

Aliandika jina la Livingstone na tarehe 4 Mei 1873. Kisha akaandika majina matatu ya wasafiri wenzake, kwa tahajia yake mwenyewe ambayo leo humtoa jasho msomaji. Yastahili tulikumbuke jambo hili. Katika zama ambazo wachukuzi walihesabiwa kwa vichwa na mizigo, mchongaji huyu aliona kwamba kumbukumbu ya maiti haitoshi bila ya majina ya waliomlilia. Hakuwa na karatasi ya kudumu wala jiwe la kuchongwa. Alikuwa na mti uliokuwa umesimama hapo, na yeye na wenziwe walikuwa wakiondoka asubuhi, hawakujua kama kuna mmoja wao atakayerudi. Walimwachia mti amana.

Jina la mti wenyewe lina mzozo mdogo uwezao kuwafurahisha wapenzi wa maneno. Kitabu cha kumbukumbu za mwisho za Livingstone, kilichotolewa mwaka 1874, kinauita mvula. Wenyeji wa nchi ile wauita mpundu, na ndilo jina lililoshinda. Yaelekea neno la kwanza lilitoka vinywani mwa watu wa msafara, ambao waliuita mti wa ugenini kwa jina la mti wa kwao. Wasafiri wote hufanya hivyo.

Baada ya miaka 26 mti ulikuwa umeanza kuoza. Mwaka 1899 ulikatwa, na kipande cha shina chenye maandishi kikapelekwa London, katika Chama cha Kifalme cha Jiografia, na huko kilihifadhiwa. Mwaka 1902 palijengwa mnara wa mawe mahali pake. Kipande kingine cha mti huo kikawa msalaba wa Mkunazini. Ajabu haikosi hapa. Mti uliotajwa kwa umoja katika jina la mtaa umetoweka bila ya kuacha kijiti. Na mti wa nchi nyingine, uliotoweka vile vile, umekuja kukaa ndani ya mtaa huo, umekatwa na kuunganishwa.

Siwalaumu walioukata mpundu. Mti uliooza huanguka, na maandishi yakiliwa na mchwa hayasomeki tena. Nasema tu kwamba kuuhifadhi mti ni jambo moja, na kuzihifadhi mbao zake ni jambo jingine. Gome lililokuwa Chitambo lilikuwa kaburi. Gome lililofika London lilikuwa waraka. Msomi huufurahia waraka. Mtu wa Chitambo alikuwa na haja gani nao?

Ujiji nako mambo yalikwenda karibu na hayo. Stanley alisema kwamba alimkuta Livingstone huko tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba hesabu za siku za wazungu hao wawili hazikupatana, mmoja wao alipotewa na siku nyingi njiani. Mwembe unaosemwa kuwa ulikuwa juu yao umekufa zamani. Maandishi ya mnara uliowekwa hapo yanautaja kama mti uliokuwapo wakati huo, na miembe iliyopo sasa husemwa kuwa ni ya uzao wake. Yawezekana. Lakini mwembe huo ulipandwa na wafanya biashara au wenyeji wa Ujiji kwa ajili ya maembe na kivuli, ukafanya kazi hiyo kabla ya siku ile moja na baada yake, na wote walioketi chini yake siku nyingine hawana mnara.

Sasa nataka kupanda kutoka maziwani na pwani hadi nyanda za juu za Kenya, kwa sababu ni huko nilikopata maelezo yaliyo bora kuliko yote juu ya nini maana ya kuuacha mti mmoja. Mwandishi wake ni C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni, ambaye mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya imani za Wakikuyu na Wakamba. Kitabu chenyewe kina kasoro za zama zake, na msomaji wa leo atakunja uso mahali pengi. Lakini aliwauliza wazee na kuandika walilomwambia. Walimwambia kwamba Mkikuyu alipofyeka msitu ili alime, hakukata miti yote. Kila baada ya nafasi aliuacha mti mmoja mkubwa, wa kuonekana. Mti huo uliitwa murema kiriti, yaani mti ulioshinda kufyekwa kwa msitu. Pepo waliokaa katika miti yote iliyokatwa hawakuwa na makao tena, nao walikusanyika katika huu mmoja. Haukukatwa ovyo. Ikiwa lazima uondoke, wazee walitoa kafara, wakawahamisha pepo wale hadi mti mwingine.

Msomaji aliyezoea vitabu vya shule atasema, haya ni ushirikina, atapita. Namwomba asimame kidogo. Mimi sina haja ya kumshawishi aamini pepo. Namwonyesha hesabu iliyomo ndani ya imani hiyo. Mtu amekata miti mia, na anajua kwamba amekata mia. Hajidai kwamba msitu haukuwapo, wala kwamba haukuwa na wenyewe. Ameweka mti mmoja usimamie mia iliyokufa, na kila apitapo na jembe begani huuona. Mti ule si pambo la shamba. Ni deni lililoandikwa wazi mbele ya mdaiwa. Kwa maneno hayo upweke wa mti si wa kimaumbile hata kidogo. Ni upweke wa aliyesalia katika jamaa, mwenye kulala na majina ya wote.

Mti ulioheshimiwa kuliko yote katika nchi hiyo ni mugumo, mmoja wa jamii ya mitini. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 juu ya desturi za watu wake, ameeleza jinsi wazee walivyotoa sadaka ya mvua chini yake, nyuso zao zikielekea mlima Kirinyaga. Mwingine aliyeandika juu yake ni Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, wilaya ya Nyeri. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2006 anasimulia kwamba alipotumwa kuni utotoni, mama yake alimwonya asiokote hata kijiti chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na yeye alicheza na mayai ya vyura majini, akidhani ni shanga zitakazovalika shingoni. Akaenda Marekani kusoma, akarudi, akakuta kwamba mtu aliyeimiliki ardhi ile ameukata mugumo ili apate nafasi ya chai. Kijito kilikuwa kimekauka. Ndipo elimu yake ya viumbe ilipomfundisha lile ambalo mama yake hakulieleza kwa maneno ya namna hiyo: mizizi ya mugumo hushuka ndani sana, ikapenya mwamba, na maji ya chini hupata njia ya kupanda.

Nimesoma kisa hicho mara nyingi, na kila mara nasimama penye neno moja, nafasi. Mwenye shamba yule hakuwa mwovu. Aliuona mti unakula nafasi, kama wengi walivyouona kabla yake. Tofauti ni kwamba waliomtangulia walikuwa na kitu kilichowazuia, nacho kilikuwa kimekwisha kuondoka: katazo la wazee, woga, pengine aibu ya kusemwa na majirani. Kulikuwa na hati ya ardhi, na hati haina mstari wa pepo. Maathai alianzisha harakati yake ya kupanda miti mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004; lakini mugumo wa Ihithe hakuweza kuurudisha, kwa kuwa miaka haipandwi.

Thika walikuwa na mugumo wa aina nyingine, uliochanganyika na siasa. Husimuliwa kwamba Mugo wa Kibiro, mwaguzi wa Kikuyu aliyetabiri kuja kwa wageni na kwa nyoka wa chuma, alitabiri pia kwamba utawala wa wageni utakoma siku mugumo huo utakapoanguka. Husimuliwa tena kwamba wakoloni waliosikia habari hiyo waliuzungushia mti chuma ili usianguke. Mti uliangushwa na radi mwaka 1963, na tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ilipata uhuru. Sitaki kupima utabiri kwa mizani ya hati. Kilicho cha kunifurahisha ni kile chuma. Ikiwa kisa ni kweli, basi serikali iliyodharau imani ya miti ilitumia fedha kuuegemeza mti.

Na miaka 57 baadaye serikali nyingine ilifanya jambo lililo karibu na hilo, jijini Nairobi. Kando ya barabara ya Waiyaki, mtaa wa Westlands, umesimama mugumo unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100, mrefu kama nyumba ya ghorofa nne. Mwaka 2020 ilianza kujengwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mti ulikuwa njiani. Ilinenwa kwamba utang'olewa na kuhamishwa. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo ilitoka amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwamba mti uachwe na utunzwe. Baba aliandika juu ya mugumo mwaka 1938. Mtoto akautolea amri mwaka 2020. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022, na mugumo upo.

Nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Lakini miti mingine mingi, mikubwa, iliyokuwa imeipa njia hiyo kivuli kwa miaka, ilikatwa kwa ajili ya barabara ile ile, na haikutolewa amri. Mmoja uliachwa, nao umekusanya. Murema kiriti wa Hobley umetokea tena katikati ya jiji la saruji, bila ya mtu kutaja jina lake. Ila naona hitilafu moja. Mkulima wa zamani aliuacha mti mmoja kwa kuwa alijua idadi ya aliyoikata. Sisi twaweza kuuacha mmoja ili tusiulizwe idadi. Macho ya nje hayatofautishi matendo hayo mawili, maana mti ni ule ule na kivuli ni kile kile.

Nimeuweka mti mmoja nyuma kwa makusudi. Upo Old Moshi, juu ya miteremko ya Kilimanjaro. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alitawala hapo Wajerumani walipokuwa wakijitwalia nchi. Juni 1892 watu wake waliwashinda, na afisa wao, von Bülow, aliuawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu zaidi, wakashinda. Meli aliendelea kuwa mangi chini yao hadi aliposhitakiwa kula njama, na tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa mbele ya watu wake, yeye na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Alinyongwa juu ya mti, na mti huo wenyeji waujua hadi leo.

Hapa swali langu la mwanzo huwa zito. Mti wa matunda huachwa kwa sababu ya matunda, mti wa sadaka kwa sababu ya sadaka. Mti uliomnyonga mangi uliachwa kwa nini? Ungetazamiwa kukatwa usiku wa siku ile ile. Nami sioni jibu ila kwamba watu wa Old Moshi hawakuwa na kaburi kamili. Mapokeo ya ukoo wake yasema kichwa cha Meli kilitengwa na mwili, kikapelekwa Ujerumani. Kwamba vichwa vilipelekwa si uvumi: makumbusho za Berlin zilikusanya mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka nchi zilizokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa kile kilichoitwa wakati huo elimu. Kisha ukoo ulidai kwa miaka mingi kichwa kirudishwe.

Ukiviweka visa viwili pamoja, cha Chitambo na cha Old Moshi, utaona jinsi vilivyopishana. Chitambo, watu waliuficha moyo wa mgeni chini ya mti, wakamchukua kwa heshima hadi kwao. Baadaye mti nao ukachukuliwa, ukafuata njia ile ile hadi London. Old Moshi, mgeni ndiye aliyechukua, wala hakuulizwa. Lakini mti aliuacha, kwa kuwa kwake haukuwa na thamani ya kusafirishwa. Wenyeji walishika kile kilichoachwa.

Mwaka 2019 sanamu ya Mangi Meli iliwekwa karibu na mti huo. Septemba 2023 taasisi ya Berlin iliyorithi mafuvu hayo ilitangaza matokeo ya vipimo vya nasaba: baadhi ya mafuvu yalikuwa yamepatana na watu walio hai Tanzania, na moja lilikuwa limeandikwa neno Akida, likapatana na ukoo wa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuonekana. Mpaka litakapoonekana, watu wake hawana mahali pengine pa kumwendea ila pale penye mti.